Kipimo Kilichoshika Kichaka

Msimu uliopita wa uwindaji Thora Tvedt alimpiga risasi dume la kulungu mguuni, kwenye mteremko wa juu ya mji, na mnyama akapotelea msituni akichechemea. Waliifuata damu mpaka giza likawafukuza. Kwa watu wa Montana, aliyejeruhi mnyama na kumpoteza ameshatumia kibali chake cha msimu, hapigi mwingine. Basi Thora alikaa majira yote ya baridi akila kuku wa dukani.

Hao kuku aliwavumilia. Kilichomkaba ni maneno ya shemeji yake Wade, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekwenda kutangaza baa nzima kwamba mkono wa mjane unatetemeka. Tangu siku hiyo Thora hakuitwa tena kwenye kambi ya uwindaji ya ukoo, kambi aliyoipikia tangu akiwa bibi harusi. Na kibaya zaidi, alianza kuyaamini yale maneno. Alijiapiza kwamba akijeruhi na kupoteza tena, bunduki ataiuza.

Septemba aliingia kwenye duka la vifaa vya uwindaji la mzee Orville Haag.

"Nataka kipima umbali cha leza. Cha mbali, kisichonidanganya."

Orville akaweka viwili kauntani. Kimoja kilikuwa chepesi, kinang'aa, na boksi lake limeandikwa yadi elfu mbili. "Hiki wanakigombania, Thora."

"Boksi huandikwa na muuzaji."

"We mwanamke, hata mimi ni muuzaji!"

"Ndiyo maana nataka kujaribu nje."

Wakatoka uani, mbele ya malisho. Kile kinachong'aa kilisoma banda la bati la upande wa pili mara tu alipobonyeza. Akakielekeza kwa ng'ombe weusi waliokuwa karibu kuliko banda. Kikaonyesha vistari vitupu.

"Bati linarudisha mwanga," Orville alisema. "Ngozi inaumeza. Ile namba ya boksi ni ya vitu kama bati."

"Nami sili bati. Lete hicho kingine."

Cha pili kilikuwa kizito, hakina urembo. Kilimsoma ng'ombe. Akabonyeza tena na tena, namba ikabaki ileile.

"Mbele yake kuna vichaka. Kimejuaje kwamba nataka ng'ombe?"

"Nimekiweka cha uwindaji. Kinaruka kilicho karibu, kinachukua cha nyuma. Vya gofu ni kinyume, vinashika cha kwanza, maana mcheza gofu anataka kibendera, hataki miti iliyo nyuma yake. Vile vidogo vyeupe, kama cha Wade."

Thora alikishusha polepole. Kidogo, cheupe. Ndicho Wade alichomwekea mkononi mwaka jana: chukua changu, shemeji, wewe bonyeza tu. Kilikuwa kimepima kichaka kilichokuwa mbele ya kulungu, naye akalenga kwa namba ya kichaka, risasi ikashuka hadi mguuni.

Alinunua kile kizito. Wade alimkuta nje akifungua mlango wa gari.

"Ulinipa cha gofu, shemeji."

Wade alicheka kidogo, kisha akajikuna shingo. "Aa, kumbe! Bahati mbaya tu. Njoo kambini basi, yaishe. Hakuna anayejua kupika pale."

"Watu wa baa uliwaambia habari za mkono wangu. Kawaambie na hilo la gofu. Kambi kaa nayo."

Msimu ulipofunguliwa alipanda peke yake. Asubuhi dume lilitokea ng'ambo ya bonde, nyuma ya vichaka vya kijivu. Kwa macho angesema si mbali. Akabonyeza, akabonyeza tena. Namba ilikuwa ileile, na ilikuwa kubwa mno kwa bunduki yake.

Hakubishana nayo. Alishuka bondeni, akatambaa upande ambao upepo haukumpelekea dume harufu yake, akapima tena, akaendelea kutambaa, mpaka namba ikafika pale anapojiamini. Ndipo alipoutazama mkono wake. Ulikuwa umetulia juu ya mkoba alioegemezea bunduki, kama wa mtu aliyelala.

Dume lilianguka palepale.

Aliikata nyama na kuishusha mgongoni, safari baada ya safari. Jioni ya pili, alipopita mbele ya baa na pembe zimetokeza nyuma ya pikapu, Wade alisimama mlangoni na kumpungia. Thora aliendelea kuangalia barabara.