Sabuni Uwanjani

Nilikuwa na jicho la kuchagua wachezaji, na sioni aibu kusema hivyo. Miaka ile ya themanini nilifundisha netiboli katika shule moja ya msingi mjini Babati. Madukani rafu zilikuwa tupu na foleni ndefu. Kila msichana niliyempima nilimwandikia ukurasa kwenye daftari, kushoto anachokiweza, kulia kinachomshinda.

Mwaka mmoja timu ya wilaya ilitubakizia nafasi moja, ya kwenda kucheza Arusha. Mimi nilikuwa nimeshampata wangu. Alikuwa darasa la sita, binti wa wakulima waliotoka Mbulu, akija shuleni kwa miguu kutoka Mutuka. Nilimwona akicheza rede wakati wa mapumziko. Wawili walimrushia mpira wa matambara, mmoja huku na mwingine kule, naye katikati akikwepa, na hakuna aliyempata. Zamu yake ya kurusha ilipofika, wenzake walilia wakishika migongo.

Nilipomwambia kuhusu nafasi ile, alitazama chini. "Nataka kwenda, mwalimu. Sijawahi kupanda basi."

Kushoto niliandika: miguu myepesi, jicho kali, mkono wenye nguvu. Kulia niliacha wazi, kwa majivuno tu.

Jumatatu nilitoa mpira wetu wa pekee wa ngozi, wenye kiraka cha fundi viatu, nikamrushia. Akaukwepa. Nikamrushia tena, akainama, ukapita juu ya kichwa chake, naye akainuka akitabasamu kama aliyepata pointi. Uwanja mzima ulicheka. Alipouokota mpira, alimtandika nao mwenzake tumboni. Mazoea yana taabu. Mikono yake ilijua kuwa mpira ni wa kupiga watu, na ukija kwako unaukimbia. Jioni upande wa kulia ulikuwa na mistari miwili: hadaki, na hakuna anayeweza kudaka mpira wake.

"Kata jina, mwalimu," alisema mwalimu mkuu. "Mpira anauogopa huyo. Na majina yanaondoka Ijumaa."

"Haogopi," nikamjibu. "Kakwepa mara ngapi, na mpira umemgusa mara ngapi?"

Jumatano nilifika uwanjani kutoka foleni ya duka la ushirika, kikapuni nina kipande cha sabuni ya mche kwa ajili ya nepi za mwanangu. Binti yule akakwepa mpira mara ya kumi. Ningependa kusema kwamba nilifikiri, lakini zilikuwa hasira tu. Nilichomoa ile sabuni nikamtupia.

Aliruka. Aliidaka kwa mikono miwili na kuikumbatia kifuani.

"Mbona hiyo umeidaka?"

Alinishangaa. "Si sabuni, mwalimu? Ikianguka mchangani itaharibika!"

"Basi kuanzia leo mpira ni sabuni," nikasema. "Na ukimrushia mwenzako akashindwa kuidaka, umeiharibu wewe."

Siku mbili tulipiga kelele za sabuni mpaka wapita njia wakauliza inauzwa wapi. Ijumaa mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akauchukua mpira na kumvurumishia bila huruma.

"Sabuni!" nikapaza sauti.

Akaudaka. Mwalimu mkuu akacheka, akatia sahihi, nami nikaufuta daftarini mstari wa kwanza.

Kabla ya safari niliitazama sare yake, nyekundu kwa udongo wa Mutuka. Niliikata ile sabuni kwa uzi, nikampa nusu. Iliniuma, sitaficha, maana nepi nazo zilikuwa zikingoja.

Wiki iliyofuata aliporudi kutoka Arusha nilikuwa mlangoni pa darasa. Alisimama kule getini na kifurushi cha gazeti mkononi.

"Shikamoo, mwalimu! Tumepewa zawadi!" Kisha akapaza sauti: "Sabuni!"

Akarusha. Nilijikaza, maana mkono ule niliujua. Lakini kifurushi kilikuja taratibu, usawa wa kifua, kikatua mikononi mwangu bila kuniumiza hata kidole. Ndani mlikuwa na nusu ya kipande kipya cha sabuni, imekatwa kwa uzi.

Nililia pale pale mlangoni, wanafunzi wakinitazama. Kisha nikaingia darasani, nikafungua daftari, nikaufuta mstari wa pili.