Aliyenirudishia Kikopo

Juzi nilipigiwa simu kwamba mtaalamu mmoja wa maabara, mwenyeji wa Olmotonyi, amefariki. Wengi wenu hamkumjua. Mimi nilimjua kwa jambo ambalo mtu mwenye haya hasimulii mezani: alinifundisha kukohoa.

Nilikuwa nimekohoa miezi mingi, nimemeza dawa za kifua kikuu mpaka nikazimaliza, na bado suruali zote zilinipwaya. Mke wangu alishaanza kuniangalia kwa woga. Daktari akaagiza kipimo kipya, cha kusoma vinasaba vya vijidudu vilivyo kifuani, nikapewa kikopo cha makohozi. Basi mimi, mtoto wa mwinjilisti, niliyelelewa kwamba kujikohoza mbele za watu ni kukosa adabu, nikageukia ukutani nikatema kidogo, kwa heshima zote. Yule mtaalamu, kijana kwangu, akakiinua kikopo kwenye mwanga. "Mzee wangu, haya ni mate. Nenda kule nje, vuta pumzi mpaka chini, ukohoe kweli." Nikaenda. Akanirudishia tena. Nilikasirika, nisiwafiche. Nikarudi zangu nyumbani Lemara, nikaapa sitakanyaga pale.

Kilichonirudisha siku ya tatu ni udadisi tu. Hivi mashine inasomaje kijidudu? Nikamuuliza. "Kila kijidudu kina maandishi yake ndani," akasema, "ila mashine inasoma ilichopewa. Ukiipa mate, itakusomea mdomo." Mimi ninayekula kwa kuandika, hapo nikanasa. Nilikohoa mpaka machozi. Majibu yalipokuja, haikuwa kifua kikuu, bali binamu yake anayeishi kwenye udongo na maji, ambaye vidonge vyangu vyote havikumtisha. Dawa zikabadilishwa, nikapona.

Tunajisifia mashine, na zinastahili. Lakini yangu ingesoma nini, kama kijana yule angeona aibu kumkatalia mtu mzima?

Jana baada ya maziko nilimsimulia mjane wake. "Aliowarudisha walikuwa wengi, shemeji," akasema. "Wengine walinuna, hawakuonekana tena. Hao ndio waliomnyima raha. Kuna mzee mmoja wa Lemara, siku mbili alikuwa ananiambia hajarudi, hajarudi. Siku ya tatu ndiyo akala chakula akamaliza."

Wewe unayekohoa na umerudishwa, punguza hasira, urudi. Yuko mtu hajala vizuri kwa ajili yako.