Ng'ombe wa Bazilio Juu ya Ubao

Ukiingia Kasulu kwa njia ya Kibondo, vibao vingi utakavyosoma vimeandikwa na mkono mmoja. Duka la mbegu, kinyozi, kanisa la pale kilimani: herufi zile zile nene zenye kivuli upande wa kulia, na pembeni, kwa herufi ndogo, BAZILIO. Ni mtu wa Titye huyo. Shule aliiacha darasa la tano, lakini herufi zenyewe hazikumwacha. Alijifunza kwa kunakili maneno ya kwenye magunia ya mbolea, kwa mkaa, kwenye ukuta wa mama yake. Mama alikuwa anamchapa, halafu mgeni akija anamwonyesha ukuta wenyewe.

Mimi hupita Kasulu mara mbili tatu kwa mwaka, na kila nikipita nilikuwa namkuta kwenye karakana ya Nduwayezu, njia ya Heru Juu. Nduwayezu ni seremala. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amezaliwa huku na ni raia wa huku, mtu mpole ambaye mikono yake haina haraka. Miaka kumi na tisa Nduwayezu alitengeneza na Bazilio akapaka. Vitanda alivichorea maua upande wa kichwani, majeneza aliyaandika jina la marehemu na msalaba. Hawakuwekeana mkataba wowote. Mbao ya Nduwayezu ikishapigwa msasa ilikuwa ya Bazilio, basi.

Mwaka jana akaja Dorcas, mwalimu wa michezo, binti wa hapa hapa aliyekaa Dar miaka mitatu. Alirudi na mfuko wa magurudumu madogo na vyuma vyake. Yalikuwa ya sketibodi, ule ubao mtu anausimamia, anasukuma kwa mguu mmoja, unateremka naye. Mbao zake zilivunjika zamani, magurudumu yakabaki, na sasa lami mpya ya Kasulu ilimtamanisha. Alimwomba Nduwayezu amtengenezee mbao nane, awafundishie wanafunzi wake.

Nduwayezu alipasua mbao nyembamba kama kadi, akazipaka gundi, akazipanga saba saba, akazibana katikati ya magogo mawili aliyoyachonga yakapinda, na mawe juu. Baada ya siku tatu ubao ulitoka umeinua pua na mkia. Watu walikuja kuutazama tu. Bazilio naye alikuja kuutazama, akarudi nyumbani kuosha brashi zake.

Jumatatu iliyofuata alipofika, alikuta mwanamke amekalia kigoda chake, ubao uko mapajani.

Mwanamke mwenyewe ni Consolée, mjane kutoka Kibondo, msukaji wa vikapu, aliyehamia kwa dada yake.

"Huyu anafanya nini?" Bazilio aliuliza, kama vile Consolée hasikii.

"Mwalimu ndiye aliyeomba," Nduwayezu akasema. "Alinunua kikapu chake, akapenda michoro. Na wewe una vibao vya watu, sha, rafiki yangu. Nikaona nisikuchoshe."

"Nilikwambia nimechoka?"

"Hukuniambia."

"Haya."

Siku hiyo ugali wa muhogo ulimshinda. Mkewe Rosa alimtazama anavyoumega na kuurudisha sahanini.

"Mimi nimekaa nawe miaka ishirini na mitano," Rosa akasema. "Nimecheza ngoma na wanaume kwenye arusi, nimepakiwa na bodaboda wa kila namna, hujanionea wivu hata siku moja. Leo unamwonea wivu seremala."

"Si wivu. Ni kazi."

"Kula basi, kazi ipate nguvu."

Sokoni ilikuwa mbaya zaidi. Khamisi kinyozi, ambaye kibao chake Bazilio alikiandika mara mbili, alimwita kutoka mlangoni, wembe mkononi: "Mzee Bazilio, nasikia umeletewa mke mwenza. Vipi, anajua kupika?" Waliokuwa kwenye benchi walicheka, hata yule aliyenyolewa nusu. Bazilio naye alicheka, lakini usiku hakupata usingizi mzuri. Kilichomuuma hakikuwa hizo mbao nane. Aliona kwamba baada ya mbao kitafuata kitanda, na baada ya kitanda mlango, na mwisho atakuwa anapita nje ya karakana ile akipunga mkono kama mpita njia.

Asubuhi alikwenda. "Nipe ubao mmoja tu. Mwalimu auone wangu na wa huyo mama, achague mwenyewe nani apake zilizobaki."

Nduwayezu alijikuna kidevu. "Haya. Jumamosi."

Bazilio aliupaka rangi nyumbani, mlango umefungwa. Alichora ng'ombe wa zamani wa Heru, wale wenye pembe ndefu kama mikono ya mtu anayecheza ngoma. Alimweka juu ya kilima, nyuma yake akaweka anga la alfajiri. Rangi ya mafuta, mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, na juu yake vanishi, mikono miwili. Ubao uling'aa hata Rosa akautumia kujitazama akifunga kilemba.

Alhamisi uvumilivu ulimwishia. Alikwenda karakana kwa kisingizio cha kuazima tineri. Consolée hakuwapo, amekwenda kuteka maji, lakini ubao wake ulikuwa juu ya meza, umegeuzwa. Amechora tumboni mwa ubao. Pembetatu nyeusi na nyekundu zinazofukuzana, nzuri, alilazimika kukiri ni nzuri, lakini ziko chini, upande wa magurudumu, ambako hata panya haoni. Upande wa juu ulikuwa mbao tupu.

Moyo wa Bazilio uliruka. Miaka yote ameandika vibao, na kibao husomwa usoni. Ni nani anayechora nyuma ya kibao?

Consolée akaingia na ndoo. Walisalimiana. Bazilio alifungua mdomo amwambie, mwana wa watu asije akaaibika, kisha akaufunga.

"Umepiga kazi, mama," akasema.

"Asante, baba. Bado sijamaliza."

Alirudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisani, tineri ameisahau.

Jumamosi walikutana pale lami inapoanza kushuka, watu kama thelathini. Nduwayezu alikuwa amekwisha kufunga magurudumu. Bazilio alifunua wake kutoka kwenye kanga ya Rosa, na watu wakasema aaa. Dorcas mwenyewe aliushika kwa mikono miwili, akaugeuza, akatazama chini palipo tupu, akaurudisha.

"Ng'ombe mzuri sana, baba," akasema taratibu. "Sasa niupande?"

"Upande."

Dorcas akainua mguu, na hapo ndipo Bazilio alipokiona kiatu. Kiatu cha raba, kimejaa changarawe, kinashuka juu ya uso wa ng'ombe wake.

"Ngoja, mwalimu. Vua viatu kwanza."

Watu wakacheka. Dorcas hakucheka. Ni binti aliyelelewa, na mtu mzima amemwomba. Alivua, akapanda na soksi, akasukuma. Ubao ulikwenda kwa adabu hatua kumi hivi. Kisha ukaendelea na safari zake, na Dorcas akabaki nyuma amekaa kwenye lami, kiwiko kinavuja damu.

Bazilio alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimfuta kwa kile kitambaa chake cha rangi, akimwomba radhi tangu hapo hadi amesimama.

"Si kitu, baba," Dorcas akasema. "Hapa juu hapapakwi urembo, ni pa kukanyagia. Mchoro hukaa tumboni, watu wauone ukiruka, au ukiubeba kwapani." Akamgeukia Consolée. "Mama, wewe ulijuaje?"

"Sikujua," Consolée akasema. "Mimi kikapu nakianzia kitako. Nilitaka nimalize kitako ndipo nipande juu. Mvua ikanyesha, rangi ikakataa kukauka."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bazilio ndiye hakucheka. Kushindwa na fundi anayejua angekubali. Huyu mama alimshinda bila hata kujua kwamba wanashindana. Na yeye siku ile aliufunga mdomo.

Dorcas alisema michoro iwe ya Consolée, yote nane. Tatizo lilikuwa huko juu: Dar wanabandika karatasi ya kukwaruza kama msasa, miguu isiteleze, na Kasulu nzima hakuipata.

"Mchanga," Bazilio akasema. Alisema huku anatazama chini. "Ngazi za kanisa nilizipaka hivyo. Rangi nyeusi, unachekecha mchanga wa mto ingali mbichi, unapaka tena juu."

Nduwayezu akamtazama. "Haya, huko juu ni kwako."

Basi wakapaka, Consolée chini na Bazilio juu, nyeusi tupu, haina ng'ombe wala jina pembeni. Mbao zilikwenda kwa wanafunzi.

Nilipopita tena baada ya mvua, sita zilikuwa zimerudishwa karakana. Matumbo yalikuwa yamekwaruzwa na kingo za mitaro hata pembetatu hazijulikani, na Consolée alikuwa ameitwa apake upya. Alikaa pale na rangi zake, anaongea na Nduwayezu habari za Kibondo. Mchanga wa Bazilio haukung'oka hata punje, kwa hiyo Bazilio hakuitwa.

Alikuja hivyo hivyo. Alisalimu, akachukua ubao mmoja, akaenda nao dirishani kama mtu anayekagua. Alipitisha kiganja juu, kote. Kisha, mgongo ameupa watu, akaanza kukwangua kona moja kwa ukucha. Alikwangua kwa muda. Mimi niliona, na Nduwayezu aliona.

Nduwayezu aliweka randa chini, akaenda akasimama karibu naye, akainama kutazama ile kona.

"Hapa pamebanduka," akasema.

"Ego, ndiyo," Bazilio akajibu. "Nami nimeona."

"Utapatengeneza leo, au kesho?"

Bazilio alifikiri. "Leo nianze," akasema. "Kesho nitazame na hizi nyingine."

Consolée akasogeza makopo yake kando, Bazilio apate pa kukaa.