Diski Kubwa za Metrine wa Mamboleo

Saa tatu asubuhi, Metrine Nelima anapiga ubavu wa kompyuta yake kwa kiganja, mara mbili, taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa. Kioo kinabaki cheusi. Anangoja, anapiga tena. Herufi za kijani zinajitokeza, na mwanamke huyu wa miaka arobaini na mitatu anashusha pumzi.

"Leo imeamka vizuri," anasema. "Mwezi uliopita ilinigomea siku tatu nzima."

Juu ya meza hiyo hiyo, katika chumba chake cha kupiga chapa pale Mamboleo, viungani mwa Kisumu, imekaa kompyuta mpya ya kukunjwa. Aliinunua Februari mwaka huu wa 1998 kwa akiba ya miaka sita. Inafanya kazi hata umeme ukipotea, na ukitaka unaitia kwapani unaenda zako. Wateja huja kuitazama tu.

Lakini ina kasoro moja iliyomnyima raha. Mdomo wake unameza diski ndogo ngumu, na kazi yote ya Metrine tangu 1990 imo katika diski kubwa, zile nyembamba zinazopinda. Fundi alitaka kuunganisha mashine hizo mbili kwa waya, akakuta tundu la nyuma la ile ya zamani liliungua siku radi ilipopiga.

"Tena wameipunguza," analalamika Metrine. "Zile namba za upande wa kulia hakuna. Nikiandika namba za nyimbo, mkono unaenda huko wenyewe, unagonga meza!" Anacheka hadi miwani inamteleza puani.

Namba hizo ni za nyimbo za mazishi. Huku ziwani maiti haizikwi bila programu: picha ya marehemu, nyimbo, na historia ya maisha yake. Metrine, aliyetoka Kimilili akiwa msichana mwenye cheti cha taipureta, amewaandikia Wajaluo historia za wapendwa wao kwa shilingi thelathini ukurasa.

Anazikumbuka siku hizo kwa mapenzi yasiyojificha. Ukoo mzima ulijazana chumbani, wengine wakisimama mlangoni. Wajomba walibishana nani alizaliwa mwaka wa njaa na nani mwaka wa nzige, wake wenza wakanuniana kwa sababu ya mpangilio wa majina. Yeye aliwangoja wapatane, kisha akaandika.

"Walikuwa wakilia, wakibishana, halafu mtu anakumbuka kitu cha kuchekesha, wote wanacheka," anasema. "Mimi si wa kwao, lakini nilikuwa najua watu wao kuliko wengine."

Halafu zikaja mvua za El Niño. Maji yalifunika nyanda za Kano, yakaingia nyumbani na kubeba masanduku ya nguo, vyeti na programu za mazishi. Familia zikaanza kubisha hodi Mamboleo, zikiuliza kama yule mama bado amewahifadhi wazee wao.

Bado alikuwa nao, katika diski mia mbili na kumi na mbili. Kila siku huwasha ile kuukuu, husoma historia zao kwenye kioo, na kuandika upya neno kwa neno katika ile mpya. Amemaliza sitini na moja. Duka lililomuuzia lilitaka kuichukua mashine ya zamani limpunguzie bei. Alikataa katakata.

Tukiwa katika mazungumzo, anaingia Mama Beldina kutoka Ahero, kanga mabegani, viatu mkononi kwa ajili ya matope.

"Nyathina, habari ya hapa?" anamsalimu Metrine kama mwanawe. "Nimekuja juu ya mzee. Watoto wanataka kufanya ukumbusho, na karatasi yote ilienda na maji."

Mzee huyo ni Walter, mumewe, aliyekuwa akifungua na kufunga mifereji ya mashamba ya mpunga. Alizikwa mwaka 1991. Metrine hahitaji kutafuta. Uso wake umebadilika. Anavuta mtoto wa meza, anatoa bahasha, na ndani yake mna diski moja kubwa iliyokatwa pande mbili kwa makasi.

"Mama, nisamehe," anasema. "Ile wiki mashine iligoma, watu wengine wa diski hii walikuwa wananingoja hapa. Ile mpya mdomo ni mdogo. Kila siku mimi hukata picha za pasipoti ziingie kwa programu. Nikaona hii pia ni laini, nikaikata ili iingie. Mzee Walter alikuwa humo, na marehemu wengine watatu."

Mama Beldina anaipokea diski, anaigeuza, anapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa.

"Sasa umekata mzee?" anauliza hatimaye. "We unakumbuka nini?"

"Mstari mmoja tu. Kwamba alikuwa anafungulia majirani maji kwanza, shamba lake mwisho."

"Hiyo ni ukweli. Na mchele yetu ilikuwa inakauka." Anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mengine ilisemwa na mama yake, Perez. Bado yuko. Lakini hawezi kupanda gari tena, na siku hizi anasahau. Kuja haraka."

Perez ana zaidi ya miaka tisini. Asipowahiwa, hakuna mwingine anayejua Walter alizaliwaje wala utoto wake ulikuwaje.

Hapo ndipo kompyuta ya kukunjwa imepata kazi ambayo ile kuukuu isingeiweza. Jumamosi hii Metrine ataibeba hadi Ahero, nyumbani kusikofika umeme, aketi nayo karibu na bibi huyo. Betri hudumu saa mbili, na Perez huzungumza polepole, kwa hiyo amenunua pia daftari na kalamu. Baadaye atazitembelea zile familia tatu nyingine, kisha arudi kwenye diski zilizobaki.

Namuuliza kama ana wasiwasi na betri. Anatikisa kichwa.

"Naogopa kumwambia yule mama kwamba mtoto wake nilimkata kwa makasi," anasema. "Lakini nitamwambia kwanza, kabla sijafungua mashine. Akikubali kuongea na mimi, nitaandika."