Mbengali Niliyekataa Kumchoma

Mimi sikusoma. Shule niliiachia Lubumbashi, darasa la nne, na nasema hivyo bila haya, maana katika wote niliokaa nao dawati moja hakuna aliyefungua duka Matonge, katikati ya Brussels, lenye vioo vinavyotazama barabara. Nilianza kwa kufagia ngazi za majengo ya watu. Mikono hii, si mingine.

Duka la kabini za simu nililichukua mwaka 2005 kwa Mbengali aliyekuwa anahamia London. Aliniachia kila kitu, hadi viti. Jambo moja tu aliniomba, akanishika mkono: nisiondoe picha iliyokuwa juu ya kaunta. Mzee wa kwao, miwani, sharubu, koti jeusi.

"Baba yako?"

"Hapana. Ni mwanasayansi wetu mkubwa, alikufa zamani. Aliliza kengele chumba cha pili bila waya, mawimbi yakipita ukutani. Wenzake wakamwambia auandikishe ugunduzi kwa jina lake, atajirike. Hakutaka. Alisema elimu ni ya wote. Mahali pake ni hapa, penye simu."

Mimi ningeuandikisha siku ile ile. Lakini nilimpa neno langu, na neno langu halirudi.

Biashara ikaenda! Jumamosi watu walisubiri hadi nje kwenye baridi. Nikanunua gari, nikahamia Berchem, nyumba yenye bustani. Ndipo maneno yakaanza. Kwetu mtu akipata haraka, hawaulizi anaamka saa ngapi. Wanauliza amekula nini, na kwa nani. Na uchawi wa Wahindi kila Mkongomani anausimulia: unaomba, unapata, halafu unalipa kwa mtu wa nyumbani mwako.

Mama shemasi wa kanisa la mke wangu aliingia siku moja kupiga simu Likasi. Akainua macho, akaurudisha mkono wa simu mahali pake.

"Papa, ule Muhindi ni nani?"

Nikafurahi kuulizwa, watu wote wakisikia.

"Ni savant, muntu wa elimu kubwa, maman! Alikuwa anatuma nguvu inapita mu ukuta, kengele inalia kule, na hakuna muntu ameigusa."

Watu wakachungulia kutoka kwenye kabini.

"Na si hiyo tu. Alionyesha kama ukikata muti, muti unasikia."

"Yesu! Donc anaongea na miti?"

"Haongei nayo, maman, aliipima na mashine..."

"Mumesikia! Amesema ye mwenyewe, na kinywa yake!"

Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Jumamosi iliyofuata watu walivuka barabara wakaenda kwa Mpakistani mwenye kabini kama zangu, ambaye ukutani kwake palikuwa na saa tu. Nikaigeuza picha itazame ukuta. Kugeuza si kuondoa. Kinyozi wa jirani akacheka hadi akashika mlango.

"Vieux, si ulisema nguvu yake inapita mu ukuta? Bon, sasa anatuona muzuri zaidi!"

Nikaigeuza tena.

Mke wangu akaleta ujumbe wa kanisa: niilete picha Jumapili, nikiri mbele ya watu, ichomwe. Wateja watarudi.

"Ni karatasi tu," akasema. "Choma, tuishi."

"Nikiri nini? Kama gari ni ya Muhindi? Nyumba ni ya Muhindi? Zile ngazi zote, alifagia yeye?"

"Batoto banaogopa kuingia mu duka."

"Baogope."

Hapo ndipo hakuna aliyenielewa, hata yeye. Moto ule ungenirudishia wateja na kuninyang'anya maisha yangu. Watu wangesema milele kwamba sikujitengeneza, nilitengenezwa na maiti wa Bengali. Na kufunga sikuweza: mkataba wa duka ulikuwa umenishika kwa miaka, na hata ungeniachia, wangesema Muhindi amekuja kudai chake. Basi nilikaa. Asubuhi nafungua, nawasha taa za kabini tupu, naketi chini ya yule mzee, mabasi yanapita. Mara nyingine nilimsemesha: ungeuandikisha, mzee, angalau mmoja wetu angekuwa na kitu.

Halafu zikaja simu za mtandao, na hata wale wachache walioniamini hawakuhitaji kabini tena. Mpakistani alifunga. Mimi nilibaki, nikiuza chaja na vifuniko vya simu, maana sikuzaliwa kushindwa.

Mchana mmoja wa mvua mama shemasi alijikinga nje ya kioo changu, simu mkononi. Alikuwa anamwona mjukuu wake wa Likasi, anacheka naye, anambusu kwenye kile kioo kidogo. Waya hakuna. Nikaruka kutoka kwenye kiti, nikagonga dirisha, nikamwonyesha simu yake, kisha picha ya mzee ukutani. Simu, ukutani. Simu, ukutani! Nilipaza sauti, ila kioo ni kinene, nilikichagua mwenyewe.

Alinitazama, akashika msalaba wa shingoni, akavuka barabara kwenye mvua ile ile, bado anaongea na mjukuu.