Jiko la Kuchomea Lililotoka Tiwi

"Hilo halitawaka," alisema shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akilizunguka lile jiko kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa mnadani. "Na likiwaka, litakuchoma wewe kabla ya samaki."

Jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, akadakia kutoka kwenye ua wake. "Huko Arabuni alikuwa akibonyeza vitufe tu. Hii ni kutu ya pwani, bwana. Kutu haisomi diploma."

Niliwaacha wacheke. Mimi nilitoka Msambweni na begi moja, nikasoma hadi nikapata diploma ya ufundi wa mitambo, nikakaa Ghuba miaka mingi nikitengeneza majiko ya hoteli ambazo wao wameziona kwenye simu. Nimerudi, nimejenga nyumba ya mawe, na sikuuza hata mnazi mmoja wa marehemu baba. Mtu kama huyo hatishwi na kutu.

Lilikuwa jiko la gesi la kuchomea samaki na nyama, lenye mfuniko mzito na magurudumu mawili. Nililitoa Tiwi, kwenye nyumba ya wageni ya ufukweni ambako nilikuwa nimetengeneza pampu ya maji. Wenyewe waliniuliza kama ningewasaidia kulitupa. Nikawaambia nitalitupa, na nikaja kulitupa uani kwangu.

Majirani walidhani naleta maringo ya kizungu. Hawakujua nina ahadi. Mama yangu, ambaye naishi naye, alikuwa amepata maradhi ya kifua, na daktari akamkataza moshi wa kuni na wa makaa. Mama huyu alitulea kwa kuchoma samaki na kuwauza kando ya barabara. Sasa alikuwa akiletewa samaki wa kuchemsha, anammega kidogo, kisha anaisukuma sahani. "Nimeshiba, mwanangu." Hakuwa ameshiba. Kanga zilikuwa zikimzidi mwili. Nikamwambia atakula samaki wa kuchoma tena, hapa hapa uani, bila makaa.

Vifaa vyangu vilikuwa bado njiani kwa meli, kwa hiyo niliazima. Fundi wa vyuma alinipa brashi ya waya na spana. Bibi mmoja jirani, msukaji wa mikeka, alinipa shazia, ile sindano yake kubwa ya kushonea ukili. Shemeji alinipa mtungi wa gesi huku akiapa kwamba ukilipuka atanidai na paa la nyumba yake.

Nilizitoa nyavu zote za kuchomea nikaziloweka kwenye karai la maji ya moto, sabuni na jivu, kisha nikazisugua kwa makumbi ya nazi mpaka chuma kikaonekana. Ndani ya jiko nilikwangua mafuta ya wageni wa miaka na miaka, yameganda kama lami. Skrubu zilizoshikwa na chumvi ya bahari nilizitia mafuta nikazipa muda. Anayelazimisha skrubu huivunja kichwa. Matundu ya mabomba, pale moto unapotokea, niliyazibua moja moja kwa shazia. Mpira wa gesi ulikuwa umepasukapasuka, nikanunua mpya Ukunda. Kwenye mpira sitafuti rahisi. Nikaunga, nikapaka maji ya sabuni kila kiungo nione kama gesi inavuja, na hapakutoka hata kipovu kimoja.

Nikaliwasha mbele yao wote. Moto ukaja wa manjano, mrefu, unalamba mfuniko na kutoa masizi meusi. Mama, aliyekuwa ameketi barazani, akaanza kukohoa.

"Funga, shemeji! Unamwua mama!"

Nilifunga gesi. Mama akainuka akaingia ndani, na hilo liliniuma kuliko kicheko chao.

Sikubishana na mtu. Moto wa manjano ni moto uliokosa hewa, hilo nalijua hata nikiwa usingizini. Jiko lilipopoa niliyachomoa mabomba, nikachungulia kule hewa inakoingilia. Hapakuwa na mwanga. Nyigu walikuwa wamejenga humo, udongo mkavu umejaa kama saruji. Hoteli za Ghuba hazina nyigu, ndiyo maana sikuanzia hapo. Nikachukua waya wa breki ya baiskeli, nikausukuma na kuuzungusha hadi udongo wote ukamwagika chini.

Nikayarudisha mabomba, nikawasha tena. Moto ukatulia, mfupi, wa buluu. Fundi wa vyuma akakaribia, akainama kuutazama.

Nilileta samaki aina ya changu kutoka Funzi, nikamtia ndimu, chumvi, tangawizi na pilipili, nikamkalisha mama upande upepo unakotokea. Alimla changu mzima. Alivunja kichwa, akafyonza mifupa, akalamba vidole, kisha akauliza, "Vitu vya watu umevirudisha?"

"Navirudisha sasa hivi, mama."

"Vitupu? Chombo cha jirani hakirudi kitupu."

"Mama, spana nayo ni chombo?"

"Imenilisha. Ni chombo."

Basi kesho yake nilichoma samaki tangu asubuhi. Spana na brashi zilirudi kwa fundi juu ya sahani ya samaki aina ya tafi, naye akasema, "Kumbe Arabuni mlifundishwa," nikamjibu kwamba nilijifundisha mwenyewe. Shazia niliipeleka imesafishwa, na changu amefunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukili. Bibi alifunua, akanusa, akaniombea dua ndefu mlangoni.

Mtungi niliupeleka Ukunda kwanza, nikaujaza gesi mpaka juu. Shemeji aliuinua, akashangaa uzito wake.

"Nilikupa nusu, shemeji."

"Najua," nikasema, nikamkabidhi samaki wake.