Baba Amejifungua

Siku panga la kukatia ng'ombe majani liliponiteleza na kunikata kifundo cha mkono wa kulia, sikulia. Nililia miezi sita baadaye, mshipa wa fahamu ulioshonwa hospitalini ulipoanza kuota na vidole vikazinduka. Niligusa kikombe cha chai kwa kidole gumba, moto nikausikia kwenye kidole cha kati.

Mimi ni fundi cherehani pale sokoni Daraja Mbili, narekebisha nguo za mitumba. Fundi asiyejua kidole chake kipo wapi atajishona mwenyewe. Niliogopa hata kufunua mashine.

Daktari, mwanamke mpole kuliko nilivyostahili siku hiyo, alinieleza. Mtoto akiwa tumboni, nyuzi za fahamu hukua zikifuata kemikali zilizotandazwa njiani. Nyingine huzivuta, nyingine huzifukuza, mpaka kila uzi unafika mahali pake, na vidole vilivyo majirani mkononi vinakuwa majirani ubongoni.

"Hiyo ndiyo ramani yako, na haijaharibika," alisema. "Ila nyuzi zinaota upya na zile alama za tumboni nyingi hazipo tena. Uzi uliokuwa wa kidole cha kati umeingia kwenye gumba, na ubongo haujui."

"Huo uzi utarudi mahali pake?" niliuliza.

"Hapana. Ubongo ndio utakaojifunza, ukifundishwa."

"Kwa muda gani?"

Akasema hajui. Nilitoka nimemkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyeshika panga.

Nilienda kukaa kwa mama yangu, kijijini kule Nyamira. Kila asubuhi nilifumba macho, yeye akanigusa kidole kwa kifungo cha shati, nami nikakitaja.

"Umepata," alisema. "Umepata tena."

Siku ya tisa nikachungulia. Nilikuwa nakosea karibu kila mara.

"Unanidanganya, baba!" nilifoka.

Nyumbani tunaongea Kigusii, na kwa Kigusii baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Ndiyo maana nilipokuwa darasa la kwanza, mwalimu mgeni aliponiuliza kwa Kiswahili baba yuko wapi, nilimjibu, "Baba amejifungua." Alicheka mpaka akashika meza.

Mama naye alikuwa amekikumbuka kisa hicho. "Lile 'baba' la Kiswahili ulijifunzaje?" aliniuliza.

"Kwa kukosolewa."

"Basi nitakukosoa."

Na alinikosoa kweli, bila huruma. Wiki zikapita. Hofu ilikuwa inaamka kabla yangu: nikifumba macho naona cherehani yangu inauzwa, naona mtu mwingine ameketi kwenye kiti changu. Mara mbili nilikitupa kile kifungo uani, na mara mbili mama akaenda kukiokota kwenye kinyesi cha kuku, akakiosha, akarudi kuketi.

Halafu asubuhi moja kifungo kilinigusa, nikakisikia kwenye kidole cha kati, kama siku zote. Kinywa kikasema, "Gumba."

Mama alikiacha kifungo palepale. Nilifumbua macho kwa woga.

Kifungo kilikuwa juu ya gumba.